Barabara ya Malindi–Garsen–Lamu na baipasi ya Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila barabara inapozungumzwa, iwe barazani kwa chifu au kwenye benchi la kahawa. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mwenye shamba, mwenye kibanda na dereva wa tuktuk. Wahandisi wana vitabu vyao.

Barabara inayozungumziwa ni ipi hasa?

Ni ile wengi wetu tuliijua kama B8. Inatoka Mombasa, inapita Mtwapa, Kilifi, Mida, Gede, Malindi, Gongoni na Marereni hadi Garsen. Hapo inagawanyika: tawi moja linapanda Hola na Garissa, na jingine, C112 ya zamani, linakata Gamba na Witu hadi Mokowe, unakopanda boti kuingia Amu. Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na Malindi hadi Garsen zaidi ya 100.

Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 na Lamu 143,920. Kwa mtu wa Lamu anayeteremka Mombasa kwa gari, hii ndiyo njia. Mvua ikiikata pale Gamba, hata wa bara ya Lamu huwa kama wanakaa kisiwani.

Si ndiyo LAPSSET hiyo?

Hapana, ingawa zinakutana. LAPSSET, yaani mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ilizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Mwai Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir. Barabara yake inatoka bandarini kuelekea Garissa na Isiolo, kisha Ethiopia na Sudan Kusini. Haiji Malindi. Inayoungana nayo kutoka huku kwetu ni hii ya Garsen na Witu.

Hata hivyo, bandari ina uzito kwetu. Gati la kwanza lilifunguliwa 20 Mei 2021, na mpango mzima ni wa magati 32. Hadi sasa mizigo mingi inayofika pale hushushwa meli moja na kupakiwa nyingine, haigusi lami. Siku ikianza kuteremka kwa malori kuelekea Mombasa, malori hayo yatapita Malindi, na ndipo swali la baipasi, barabara ya kuuzunguka mji, litakapoacha kuwa la mazungumzo tu.

Mbona tuliambiwa barabara ya Malindi inapanuliwa, na kutoka Kilifi bado ni ya njia mbili?

Kwa sababu jina la mradi ni refu kuliko pesa zake. Ushoroba mzima unaanzia Bagamoyo, Tanzania, unapita Tanga na Lunga Lunga hadi Malindi, jumla ya kilomita 454. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za awamu ya kwanza Desemba 2019. Kwa upande wa Tanzania awamu hiyo ni kilomita 120 na ushei kutoka Mkange kuelekea Pangani. Kwa upande wetu ni takriban kilomita 54, Mombasa hadi Kilifi kupitia Mtwapa. Malindi imo kwenye kichwa cha mradi, lakini tinga la awamu hiyo linaishia Kilifi. Kabla ya kumlaumu mkandarasi, uliza kwanza kipande chako kimo kwenye mkataba wake ama la.

Malindi inahitaji baipasi kweli?

Inategemea unataka kuondoa nini mjini.

Kuna magari yanayopita Malindi kwa sababu hakuna pengine pa kupita: malori ya chumvi kutoka Gongoni na Kurawa, mabasi ya Mombasa–Lamu, matangi ya mafuta, malori ya ng'ombe kutoka Tana River na Garissa. Haya hayana shida na Malindi. Yangepewa njia ya nje yangeshukuru, na watoto wanaovuka barabara asubuhi wangeshukuru zaidi.

Halafu kuna magari ambayo Malindi ndiyo safari yenyewe: tuktuk, bodaboda, matatu za Watamu na Kilifi, pikapu za sokoni, magari ya watalii. Haya hayatatumia baipasi hata ukiijenga kwa marumaru. Msongamano wa steji na sokoni unaletwa na haya ya pili, na dawa yake ni maegesho, steji iliyopangwa, na njia ya waenda kwa miguu isiyokaliwa na bidhaa.

Kwa hiyo jambo la kudai mapema ni hesabu ya magari inayouliza dereva anatoka wapi na anakwenda wapi. Hesabu ya kuhesabu magurudumu tu hutoa idadi kubwa, na idadi kubwa huhalalisha barabara yoyote. Maoni yangu ni kwamba malori mazito yatoke mjini, lakini anayeahidi kwamba baipasi itamaliza foleni ya sokoni anauza maneno.

Itapita wapi?

Jiografia ya mji wetu haiachi nafasi nyingi. Mashariki ni bahari. Kusini kuna uwanja wa ndege, na ukirudi nyuma zaidi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke unaoandamana na barabara kuu. Kaskazini kuna mto Sabaki, wenye maji ya mafuriko na daraja moja la kututegemeza sote. Njia yoyote ya maana itabidi iache barabara kuu kabla ya mji, izunguke upande wa magharibi kuelekea Ganda, ikutane na barabara ya lami ya Sala Gate, kisha irudi kabla ya Sabaki au ivuke kwa daraja jipya.

Hilo la daraja ndilo zito. Ikirudi kabla ya mto, gharama inapungua, lakini magari yote bado yanategemea daraja lilelile. Ikivuka kwingine, tunapata njia ya pili ya kwenda kaskazini, ila bei inapanda sana na mashamba ya kando ya mto yanaguswa. Mimi ningelipa gharama ya daraja la pili.

Nimetumiwa ramani kwenye simu. Ninunue kiwanja kandokando yake?

Usinunue, na usiuze kwa hofu. Mstari uliochorwa juu ya picha ya setilaiti unaweza kuchorwa na mtu yeyote mwenye simu na viwanja vya kuuza. Njia huwa njia pale Tume ya Kitaifa ya Ardhi inapotangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali nia ya kutwaa ardhi, na nambari za mashamba zikaorodheshwa moja moja. Kabla ya hapo kuna njia mbadala mbili au tatu zinazolinganishwa, na hata iliyopendwa husogezwa.

Na anayefikiria kupanda miche haraka haraka au kusimamisha kibanda cha makuti ili ahesabiwe: kanuni za fidia zinaruhusu kutohesabu maendeleo yaliyofanywa ndani ya miaka miwili kabla ya tangazo, isipokuwa uthibitishe yalifanywa kwa nia njema. Wathamini wanaujua mkorosho wa miaka kumi na wanaujua mche wa juzi.

Shamba langu likiguswa, mambo yanakwendaje?

Sheria ya Ardhi ya 2012 ndiyo inayoongoza. Linatangulia tangazo la nia ya kutwaa. Baada ya angalau siku 30, Tume hufanya kikao cha kusikiliza madai, na mahali na tarehe hutangazwa. Kikao hiki ndicho wengi hukikosa, kwa kuwa tangazo lilibandikwa ofisini na wao hawapiti ofisini. Dai huwasilishwa kwa maandishi, na ukihitaji mthamini wako mwenyewe, unaruhusiwa.

Thamani ya soko ikishakadiriwa, huongezwa asilimia 15 kwa usumbufu. Katiba, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka. Marekebisho ya 2019 yameeleza "haraka" kuwa si zaidi ya mwaka mmoja tangu ardhi ilipochukuliwa. Soma tena sentensi hiyo: tangu ilipochukuliwa. Tinga linaweza kupita shambani kabla ya pesa kuingia benki. Fidia si lazima iwe pesa taslimu pia, inaweza kuwa ardhi mbadala au hata dhamana za serikali, kwa hiyo usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Usiporidhika na kiwango, kuna Baraza la Utwaaji wa Ardhi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo hapa Malindi.

Nyumba ni yangu, ardhi ni ya mwingine. Nani analipwa?

Hili ndilo swali la pwani, na wageni wanaokuja na fomu kutoka Nairobi huwa hawalitarajii.

Malindi, kama Mombasa, imejaa nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba ya mawe, analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi kila mwezi, na baba yake alifanya vivyo hivyo. Hatimiliki ina jina la mwenye ardhi peke yake. Mthamini akifuata hatimiliki bila kuuliza, malipo yote yataandikwa jina moja. Hakikisha nyumba imeandikwa kwa jina lako kama dai la pekee, na ulete risiti za kodi ya kiwanja, bili za maji na stima, na mashahidi wa mtaa. Risiti iliyofifia ina thamani kuliko hadithi iliyonyooka.

Mashambani hali ni hiyohiyo, ila ni miti. Mthamini akifika hufungua fomu yenye safu: aina ya mti, umri, hali, idadi. Anakusimamisha kando ya mnazi ukishika kitambulisho, anapiga picha, anasogea mnazi wa pili. Sasa mnazi mmoja waweza kuwa na watu watatu: mwenye ardhi, mwenye mti aliyeupanda babu yake, na mgema aliyeukodi ili ageme tembo. Wa kwanza ana hati. Wa pili ana ushahidi wa wazee. Wa tatu ana kamba, kibuyu na riziki ya kila siku, na kwenye fomu hana safu. Kama kuna jambo moja la kupigania kwenye vikao vya umma, ni hilo: kila mwenye maslahi aandikwe, hata kama kiwango chake ni kidogo, kwa maana asiyeandikwa siku ya kuhesabu hana pa kuanzia siku ya kukata rufaa.

Hatimiliki bado ina jina la marehemu babu. Itakuwaje?

Pesa zitazuiwa hadi mirathi imalizike. Fungueni mirathi sasa, kabla ya bikoni yoyote, alama ya mpaka, kupigwa: Waislamu wengi huenda kwa Kadhi, wengine mahakama za kawaida chini ya Sheria ya Urithi. Familia ikiwa na wake watatu na watoto walioko Ughaibuni, miezi hugeuka miaka. Nimeona mashamba ambayo ndugu walikaa vizuri miaka yote, fidia ikatajwa, wakaanza kuhesabiana vyakula vya utotoni.

Na maskwota?

Ukanda wa maili kumi wa pwani una jeraha la tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908. Wachache walisajiliwa, wengi wakaishi juu ya ardhi ya watu wasiowajua. Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu wanaokaa kwa nia njema bila hati wafikiriwe fidia. Kinaruhusu, hakilazimishi. Wafadhili wa kigeni, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika, huwa na masharti yao ya kuhamisha watu, na mara nyingi yanamjali asiye na hati kuliko sheria ya nyumbani. Kwa hiyo ulizeni pesa za mradi zinatoka wapi, na ombeni kuona mpango wa kuhamisha watu.

Makaburi, vigango, ardhi ya wakfu?

Semeni mapema, wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, kwa sababu wakati huo mstari bado unaweza kusogezwa mita chache. Vigango vya wazee wa Kigiriama, yaani nguzo za kuchonga za kumbukumbu ya marehemu, na makaburi yasiyo na alama havionekani kwenye picha ya setilaiti. Ardhi ya wakfu haiwi mali ya kamati ya msikiti hata ikilipwa: fidia yake inapaswa kununua mali nyingine ya wakfu, na Tume ya Wakfu ihusishwe.

Kibanda changu kimepigwa X nyekundu. Nina fidia?

Kama kimo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa kawaida huna. Hifadhi ya barabara kuu mara nyingi ni mita 60 kwa jumla, na lami unayoiona ni sehemu ndogo ya katikati. Ukipewa notisi, angalia imetoka ofisi gani na inakupa siku ngapi, kisha omba kuonyeshwa bikoni. Rangi huwahi kupakwa upande usio wake.

Baipasi itaua biashara?

Ya mjini Malindi, sidhani. Malindi watu huja, hawapiti tu. Wa kuogopa ni wale wanaoishi kwa magari yaliyopunguza mwendo: wauza maembe, madafu, korosho na mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu.

Tuna mfano wetu. Hadi 1991 Kilifi ilivukwa kwa feri. Daraja lilipofunguliwa, aliyekuwa akiuza kwa magari yaliyopanga foleni alibaki bila foleni. Safari ilikuwa fupi kwa kila mtu, na bado korosho huuzwa Kilifi, ila mahali pa kuuzia palihama na si kila muuzaji alihama napo. Barabara ya Mavueni–Kaloleni–Mariakani nayo inamwezesha dereva wa lori kutoka huku kwenda Nairobi bila kuiona Mombasa. Mombasa haikufa. Baipasi ya Dongo Kundu, inayokwepa feri ya Likoni, vilevile haijaua Likoni.

Linaloamua ni makutano. Baipasi yenye maingilio machache, na soko lililopangwa kando ya kila ingilio, huwaacha wachuuzi na pa kusimama na huacha malori yakimbie. Baipasi inayoruhusu kila mwenye kiwanja kufungua geti lake barabarani hugeuka barabara ya mjini ndani ya miaka michache, kisha tunaanza kuomba baipasi ya baipasi. Kwa hiyo mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti unapaswa kupita kabla ya lami, na hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi kuliko mahali pengine pote. Viwanja vya futi hamsini kwa mia vitakatwa usiku na mchana mara tu mstari utakapojulikana.

Msitu wa Arabuko-Sokoke utaguswa?

Haufai kuguswa, na hakuna haja. Una eneo la zaidi ya kilomita mraba 400, na ndio mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Bundi mdogo wa Sokoke anaishi humo. Hapo karibu kuna magofu ya Gede, yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kupanua barabara kati ya Mida na Gede kutakuwa kugumu kuliko baipasi yenyewe: upande mmoja msitu, upande wa pili makazi. Leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikitolewa na hukuridhika, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira. Siku hizo hazimsubiri mtu.

Lami ya Garsen–Lamu si imekwisha? Mbona mvua inaikata?

Lami imefika, na ni nafuu kubwa kwa aliyewahi kukwama Witu kwenye tope. Ila barabara imelala juu ya delta ya Tana. Mvua za El Niño za Novemba 2023, na tena masika ya 2024, ziliifunika kati ya Gamba na Lango la Simba. Tuta likiwa chini, maji hupita juu yake. Likiwa juu bila makalvati ya kutosha, maji huzuiwa upande mmoja na kuzamisha vijiji na mashamba ya Wapokomo. Kinachotakiwa ni madaraja mengi madogo, na njia za mifugo za Waorma na Wardei, zile malka za kufikia mto, ziachwe wazi.

Msafara wa polisi je?

Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama wa njia hii umebadilika mara nyingi, ikiwemo misafara ya polisi na marufuku ya kusafiri usiku. Nyongoro basi lilishambuliwa Januari 2020. Uliza kampuni ya basi hali ya siku hiyo kabla ya kukata tiketi. Ujenzi nao hucheleweshwa na jambo hilihili, kwa kuwa mkandarasi hafanyi kazi bila ulinzi.

Itachukua miaka mingapi, na nani analipa?

Kuanzia upembuzi hadi gari la kwanza kupita, muongo mmoja si ajabu. LAPSSET ilizinduliwa 2012, gati la kwanza likafunguliwa 2021. Dongo Kundu, kwa ufadhili wa Japani, kipande cha kwanza kilitumika 2018 na barabara ikaunganika mwaka 2024.

Matengenezo hutoka kwenye ushuru wa mafuta, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Kila anayejaza tangi tayari analipa, hata mwenye bodaboda ambaye hatakanyaga baipasi.

Baipasi ikijengwa, barabara ya zamani ya mjini itakuwa ya nani?

Swali hili huulizwa mwisho, na lingefaa kuulizwa mwanzo. KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, hushughulikia barabara kuu za kitaifa. Magari makubwa yakihamia nje, kipande cha mjini kinaweza kushushwa daraja na kwenda KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au kaunti, pamoja na taa zake, mitaro yake na mashimo yake. Aliyepokea asipotengewa pesa, taa zinazimika. Takeni makubaliano ya makabidhiano yaandikwe kabla mkataba wa baipasi haujatiwa sahihi, yakionyesha nani atakarabati kipande hicho kwanza na kwa bajeti ya mwaka gani.